Pedi ya Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Tarehe ya upasuaji wa Shangazi imetoka. Alhamisi ya tarehe ishirini, saa tatu asubuhi.

Daktari wa koo alichora nyuma ya bahasha — njia ya hewa, njia ya chakula, na kisanduku cha sauti. Akakizungushia duara. Hiki kinatoka chote, akasema, uvimbe umeshika pande mbili. Mgonjwa atapumulia tundu la shingoni. Baadaye zipo njia za kujifunza kutoa sauti upya, kwa wengine miezi, kwa wengine mwaka. Lakini sauti hii anayoongea nayo leo haitarudi.

Shangazi aliuliza jambo moja tu: hiyo bahasha naweza kwenda nayo?

Ametangaza treni miaka ishirini na sita. Stesheni nzima inamwita Spika. Amenilea tangu nikiwa darasa la pili, na sijui nyumba isiyo na sauti yake ndani.

Baba mdogo alikuwa anatusubiri nje, kwenye pikapu yake yenye friji mbili za wateja nyuma. Yeye ni fundi wa friji, mdogo wake Shangazi. Alisikiliza habari yote, akafuta macho, akaanza kupanga. Dada aache kazi. Ile nyumba anayopanga arudishiwe mwenye nyumba. Ahamie kwake, chumba cha nyuma kipo, mke wake atamhudumia. Yote kwa upole, huku akimfungia mkanda wa kiti kama mtoto.

Shangazi akasema: "Wewe. Hapana. Nimeshasema."

Sauti imekwaruza tayari, lakini Baba mdogo alinyamaza. Mtu mzima, ndevu nyeupe, akanyamaza na kuwasha gari.

Nyumbani Shangazi alinieleza huku akivua viatu. Yule hatii hoja, anatii sauti. Tangu ana miaka mitatu. Mkuu wa stesheni amemwahidi meza ya kupanga ratiba, kazi isiyotaka koo. Nyumba anaipenda. "Lakini nikikosa sauti, huyu atanihamisha kama kabati."

Naogopa. Nimeandika ili nilione neno lenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Masjala. Nilirudisha majalada arobaini rafuni, matatu nikayaweka mahali pasipo pake. Haijawahi kunitokea. Mwenzangu wa dirisha la pili akaniletea na mzigo wake, ana miadi. Nikasema sawa.

Saa ya chakula nikaikumbuka sampla ya Kaka.

Kaka anapiga muziki, yuko mbali siku hizi. Alipopata mashine kubwa, hii ndogo aliiacha kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Ni kubwa kama kitabu kinene. Kipaza sauti kidogo ndani yake, spika ndogo, betri sita. Na vitufe kumi na sita vya mpira, mistari minne ya vinne vinne — Kaka huviita pedi. Unanasa sauti yoyote, unaiweka kwenye pedi. Ukibonyeza inatoka, papo hapo. Kaka alikuwa ananasa milango, ndoo, kikohozi cha jirani, na kuvigeuza ngoma.

Kama inanasa ndoo, haishindwi maneno.

Nilifikiria simu kwanza. Lakini Shangazi na simu hawapatani. Macho yake hayasomi herufi za kioo, na simu, anasema, inataka namba ya siri ndipo ikuamini. Pedi unaipapasa kwa kidole.

Sijamwambia bado. Labda atasema nimemzika kabla ya siku yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia Kaka. Nikamwambia niko juu ya stuli, boksi liko mkononi.

Alinipa maelezo mbiombio, kama mtu anayekimbia asilie. Tundu la kadi limekufa, kwa hiyo utategemea kumbukumbu ya ndani: sekunde arobaini kwa ubora mzuri. Ukiteremsha ubora unapata mara mbili yake, ila mtu atasikika kama anaongea ndani ya ndoo. Kata ukimya wa mwanzo na wa mwisho wa kila sauti, ukimya nao unakula nafasi. Bonyeza kwa nguvu, sauti inatoka kubwa. Gusa, inatoka ndogo. Ukishikilia kitufe chekundu pamoja na pedi, taa inaanza kupepesa, mashine inasubiri. Sauti ya kwanza itakayoisikia ndiyo itaanza kuinasa. "Kwa hiyo usikohoe." Na ukinasa juu ya pedi yenye kitu, cha zamani kimekwenda. Ukifuta, umefuta. Haina kapu la takataka.

Nikaandika yote. Kisha akauliza Shangazi anaendeleaje. Nikasema anashona kifungo cha koti. Akasema ninunue betri za akiba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia. Hakukasirika. Aliigeuza mashine, akainusa, akauliza kipaza sauti kiko wapi. Nilimwonyesha kitundu. "Hiki? Mimi na hiki tutaelewana."

Nilikuwa nimetayarisha orodha, imepigwa chapa, kwa mafungu kama faharasa ya masjala. A: Mahitaji (maji, choo, dawa). B: Adabu (tafadhali, asante, samahani, pole). C: Hali (nzuri, nzuri kidogo, si nzuri). D: Watu.

Aliisoma akiwa ameishika mbali, miwani puani.

"Hii ni orodha ya mgonjwa mpole. Mimi umeniona mpole lini?"

Nikasema nimeweka mambo ya lazima.

"Umeweka samahani mara mbili. Hapana iko wapi?"

Niliitafuta. Nilikuwa na maneno arobaini na moja na hapana haikuwemo. Alinitazama, si kwa hasira. Akachukua kalamu, akafuta karibu yote. Akasema tutatumia pedi kumi na sita, basi, kila moja na neno lake, kwa sababu neno lazima alikute kwa kidole gizani na mchana. Hataki kulitafuta kama ninavyotafuta jalada.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kwanza ya kunasa. Tulijaribu kwanza kwa simu yangu ili alinganishe. Alisema moja, mbili, tatu, akajisikiliza. "Simu imenipa mafua." Hatukuirudia.

Mimi nilidhani najua kurekodi kwa kuwa nimesoma maelezo. Yeye ndiye aliyenifundisha. Usiongee ndani ya kipaza sauti, ongea kupita pembeni yake, pumzi isikipige. Funika meza kwa blanketi. Zima friji. Na mwisho wa sentensi sauti ishuke, la sivyo msikilizaji anabaki anasubiri. Stesheni walikuwa wanajua treni imefutwa kabla hajataja namba yake, kwa jinsi alivyovuta pumzi.

Na akagundua jambo ambalo Kaka hakulisema. Ukiachia pedi mapema, sauti inakatika hapo hapo. Basi tumenasa "Nataka maji ya moto" mara moja tu. Ukishikilia hadi mwisho, ya moto. Ukiachia baada ya "maji", maji tu. Ukiachia baada ya "nataka", mtu atakuuliza unataka nini, na unaonyesha kwa mkono. Pedi moja, maombi matatu.

Alifurahi kama aliyepata siti dirishani. Tukafanya vivyo hivyo na "Inauma hapa tangu asubuhi", na "Fungua dirisha na mlango".

Halafu sauti ikakatika yenyewe, si ya mashine. Yake. Alikunywa maji, akakaa. Tukaacha saa kumi na nusu.

Jumatano, 12 Machi

Nimeomba ruhusa. Nilisimama mbele ya Mkuu wa masjala dakika nzima kabla hajainua kichwa. Akauliza mgonjwa ni nani wangu. Shangazi. Akasema fomu inataja mzazi, mwenzi au mtoto, shangazi hayumo. Nilipaswa kusema ndiye aliyenilea. Nikasema sawa.

Nimepewa tarehe ishirini hadi saa nne asubuhi. Upasuaji unaanza saa tatu.

Shangazi aliposikia alibonyeza pedi ya kumi na sita. Ni ile aliyoing'ang'ania, ya kazini: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Akaibonyeza tena, taratibu, ikatoka kwa kunong'ona. Nikacheka hadi nikaona aibu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ilikuwa zamu ya hapana. Zilichukua jioni nzima.

Alisema hapana moja haimtoshi mtu. Ya kwanza ni ya wageni na wauguzi: "Hapana, asante." Ukiachia mapema, hapana tupu, lakini bado ya heshima. Nimeiweka pedi ya pili. Ya pili ni ya marafiki, ina kicheko ndani yake. Pedi ya tisa.

Ya tatu ni ya Baba mdogo.

Kwa hii alisimama. Alinitaka nikae kwenye kiti anachokalia Baba mdogo, ili awe na mtu wa kumwambia. Akashusha pumzi, akanitazama. "Wewe. Hapana. Nimeshasema." Si kelele. Lakini nilitaka kumwomba msamaha, sijui wa kosa gani. Taa ya kupima sauti ikagusa nyekundu, imezidi. Tulirudia mara sita, sogea nyuma, sogea pembeni, mpaka ikaingia safi. Kwa ubora wa juu, maana kwa ule wa chini ilisikika kama ya mtu aliye kisimani, na aliye kisimani hatiiwi.

Sekunde nne na nusu. Pedi ya kumi na nne, mstari wa chini, mahali kidole gumba kinapofika chenyewe.

Baada ya hapo hakuongea hadi tulipomaliza kula. Alikuwa ameitumia yote.

Kwenye orodha yangu nimeandika: HAPANA 1, HAPANA 2, HAPANA 3.

Jumapili, 16 Machi

Nimekata ukimya kutoka kila pedi. Kaka alisema kweli, tumeokoa sekunde kumi na moja. Lakini nilikata mno. "Niinue" ilitoka bila ile pumzi yake ya mwanzo na haikuwa yeye, ilikuwa neno tu. Tukainasa upya, pumzi na yote, kisha tukajaza pedi zilizobaki. Sasa kumbukumbu imejaa. Kioo kinasema sekunde sifuri. Kila kitu kimo: ndiyo, nani huyo, rudia wewe sijasikia, niache kidogo, kicheko. Alitaka kicheko kiwe na pedi yake. Mtu akikuchekesha lazima alipwe, alisema.

Mchana tulifanya mazoezi. Alifumba macho na mdomo, mimi nikawa muuguzi. Kidole hakikukosea hata pedi moja.

Baba mdogo akaja katikati. Aliiona mashine, akatabasamu — wanasesere tena, Dada, kwenye umri huu? Akaanza habari ya chumba cha nyuma. Amepaka rangi. Ametoa makopo. Akainuka kutuonyesha kwa hatua ukubwa wake, kitanda hapa, kiti hapa.

Shangazi alikuwa nyuma yake, mdomo umefungwa. Akabonyeza kumi na nne.

"Wewe. Hapana. Nimeshasema."

Baba mdogo akakaa. Alikaa kwanza, ndipo akageuka kutazama ni nani amesema.

Sisi wawili hatukuangaliana, tungeharibu. Aliaga baada ya chai, bila kutaja chumba tena. Mlango ulipofungwa Shangazi alibonyeza pedi ya kicheko, mdomo ukiwa bado umefungwa, na machozi yakimtoka. Sikujua ni ya nini. Nadhani naye hakujua.

Jumatano, 19 Machi

Leo amelazwa. Lakini niandike ya asubuhi, maana hayaniachi.

Kila siku tangu darasa la pili ameniamsha kwa maneno yale yale, kutoka mlangoni, kabla ya kwenda stesheni: "Kifaranga, amka. Utachelewa." Kifaranga ni mimi, kwa sababu ya woga. Leo akaniamsha hivyo hivyo, sauti ikiwa imebaki nusu. Nikakaa kitandani nikajua hii ni ya mwisho, na haimo kwenye mashine. Tulikuwa tumenasa maneno ya kuwaambia watu wote isipokuwa mimi.

Nikamwomba aseme tena. Nikaleta sampla, si simu, ile ingempa mafua. Akauliza, nafasi ipo?

Nikasema ipo.

Haikuwepo. Sekunde sifuri. Yeye amesimama mlangoni amevaa koti, begi mkononi, Baba mdogo anapiga honi nje. Nilitazama orodha. Hapana 1, Hapana 2, Hapana 3. Masjala kitu kikiwa na nakala tatu unabakiza moja au mbili, nyingine zinakwenda kwenye mashine ya kuchana. Nafanya hivyo kila Ijumaa bila kufikiri. Ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote. Ndiyo iliyonitisha pia, sitadanganya.

Nikashikilia kitufe chekundu na pedi ya kumi na nne. Taa ikapepesa.

"Kifaranga, amka. Utachelewa."

Sekunde nne kamili. Imeingia vizuri, na pumzi yake.

Nilitaka kumwambia njiani. Baba mdogo alikuwa kati yetu.

Alhamisi, 20 Machi

Saa nne ikafika, yuko ndani. Sikwenda kazini. Simu ililia mara tatu, sikuipokea. Nimekaa kwenye benchi na sampla mapajani. Mzee mmoja aliyekaa karibu aliuliza kama ni redio. Nikasema ndiyo.

Saa nane na robo. Daktari ametoka. Imekwenda vizuri.

Ijumaa, 21 Machi

Ameamka. Bandeji shingoni, tundu, kibomba. Anapumua kwa sauti nisiyoijua. Sindano ya maji iko mkono wa kulia.

Nikaweka sampla chini ya mkono wa kushoto. Aliipapasa kama anasoma. Muuguzi alipokuja kumgeuza akabonyeza "Niinue", ikatoka yeye kabisa, ya wiki iliyopita, nzima. Muuguzi akageuka kuangalia mlangoni. Halafu akamwangalia. Akasema, mama, umenitisha, lakini rudia, na Shangazi akabonyeza tena.

Nilitoka nje kidogo. Niliporudi alikuwa anamwomba maji ya moto, anaachia kidole kwenye "maji", anamchezea.

Sikumwambia. Nilisema nitamwambia kesho, akipata nguvu.

Jumapili, 23 Machi

Sikumwambia jana. Leo imekuwa yenyewe.

Baba mdogo alikuja na matunda na karatasi. Ameongea na mwenye nyumba. Nyumba itarudishwa mwisho wa mwezi, ameandika barua kwa niaba, bado sahihi tu. Jumanne saa kumi atapita hapa hapa kuchukua ufunguo kwangu, ahamishe vitu kidogo kidogo, Dada akitoka hapa aende moja kwa moja chumba kipya. Alisema yote hayo huku anamkunjia shuka miguuni. Anampenda. Ndiyo shida yenyewe.

Shangazi alimwachia amalize. Nilimwona anajiandaa, mabega yakanyooka kama alivyosimama ile Ijumaa. Kidole gumba kikateremka mstari wa chini. Akabonyeza kwa nguvu zote.

"Kifaranga, amka. Utachelewa."

Ilijaa chumba kizima. Mgonjwa wa kitanda cha pili alifumbua macho.

Baba mdogo alicheka kidogo, akanigusa bega. Unaitwa, akasema. Sikiliza, hata hapa anakuwaza wewe.

Shangazi akabonyeza tena. Yale yale. Akaitazama pedi. Kisha akanitazama mimi, nikaona anaelewa, hatua kwa hatua, kama mtu anayesoma jalada kutoka ukurasa wa mwisho.

Akabonyeza pedi ya pili. "Hapana, asante." Baba mdogo akasema hakuna cha kushukuru, Dada, sisi ni ndugu. Shangazi akaomba kalamu kwa ishara, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda: HAPANA. Baba mdogo aliisoma, akaikunja polepole, akaiweka mfuko wa shati. Umechoka, alisema. Tutaongea ukipata nguvu.

Mlangoni akaniuliza: ufunguo, Jumanne saa kumi, sawa?

Nikasema sawa.

Jumatatu, 24 Machi

Kazini nimepewa barua ya onyo. Mkuu aliuliza nina la kusema. Nikatia sahihi kwamba nimeipokea.

Saa ya chakula nilijifungia chumba cha majalada ya zamani na sampla, niliyoondoka nayo jana kwa kisingizio cha betri. Nimejaribu kila kilichomo. Nilichukua Hapana 1, nikaibonyeza kwa nguvu — ikawa heshima yenye kelele. Niliishusha sauti iwe nzito kwa kitufe cha kuzungusha cha pembeni, hatua tatu, hatua tano. Ikawa mlevi. Nikakata "asante", nikakata hata herufi ya mwisho, yote kwa majaribio bila kuhifadhi. Nikachukua "wewe" ndani ya "Rudia wewe, sijasikia", nikaitanguliza kwenye hapana. Wewe hapana. Kama wagonjwa wawili tofauti wanajibizana.

Nikampigia Kaka. Alisikiliza. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alisema ubora wa sauti unaweza kuuchezea upendavyo, lakini mashine haijui kukasirika. Inarudisha ulichoipa. Akauliza kama nina nakala popote. Mimi, ninayetoa nakala ya risiti ya kinyozi. Kwenye simu nina ile moja, mbili, tatu ya majaribio tu.

Jioni nilimweleza Shangazi kila kitu. Sekunde sifuri, nakala tatu, Ijumaa za kuchana karatasi. Sikuacha kitu. Alinisikiliza akiwa ametazama dari. Nilipomaliza alipapasa, akabonyeza kumi na nne, kidogo tu, kwa ncha ya kidole. Ikatoka kwa kunong'ona, jinsi alivyokuwa akiniamsha siku za mtihani.

Kisha akaandika: ULIITAKA SANA?

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaandika: SAWA. Akalikata lile neno kwa mstari. Akafikiri. Hakuandika lingine.

Jumanne, 25 Machi

Saa kumi kasoro dakika kumi. Niko kwenye kiti cha pembeni ya kitanda chake. Ufunguo uko mfukoni, nimeushika mpaka umepata joto. Naandika kwa sababu mikono inataka kazi.

Nimefika saa tisa. Sikuomba ruhusa, niliinuka tu. Shangazi alikuwa ameketi, mito mitatu mgongoni, miwani imevaliwa. Sampla kwenye meza ya chakula, ile yenye magurudumu. Alikuwa ameiweka upande wangu. Kitundu cha kipaza sauti kimenigeukia mimi.

Alikuwa ameandika tayari, karatasi iko chini ya kikombe: ATAKUJA TENA NA TENA. NA MWAKANI. WEWE KAZINI, MIMI PEKE YANGU.

Nikasema nitamwambia Baba mdogo mwenyewe. Leo hii. Akaninyooshea kidole kifuani, akaitikia, ndiyo, leo. Halafu akakisogeza kidole hadi kwenye mashine. Na siku ambazo hupo.

Nikasema sauti yangu si yake. Akainua bega moja. Najua maana ya bega hilo: kwani nani aliyekufundisha kuongea?

Nikasema basi tutumie pedi ya tisa, Hapana 2, ile ya marafiki, tuifute hiyo. Akatikisa kichwa, akagusa midomo yake, akagusa pedi. Ile ni yake, hapana pekee anayoweza kuisema akicheka. Nikataja nyingine, nikataja zote. Kila moja anaitumia. Kila moja kuna mtu wa kuambiwa hapa: maji, dirisha, maumivu. Hakuna inayokaa bure, isipokuwa hiyo moja, ambayo haisemi na mtu yeyote ila mimi.

Nilimwomba aibonyeze mara ya mwisho. Aliibonyeza mara mbili. Simu nimeiacha mfukoni, sitaki nakala yenye mafua. Nimeisikiliza vizuri. Pumzi ndogo, Kifaranga, kituo, amka. Sauti inashuka mwishoni, ili msikilizaji ajue anaweza kwenda.

Sasa ameshikilia kitufe chekundu na kumi na nne. Taa inapepesa. Kioo kinasema SUBIRI.

Mgonjwa wa kitanda cha pili amelala. Muuguzi ameegesha mlango. Hakuna anayeongea chumbani. Hata kalamu naikokota taratibu, nisije nikaianzisha kwa mkwaruzo wa karatasi.

Maneno ninayo. Wewe, hapana, nimeshasema. Nimeyarudia kichwani tangu saa tisa, na kila nikifungua mdomo inakuja ile sawa yangu, inayotoka yenyewe. Shangazi ananitazama jinsi alivyonitazama siku nilipokaa kwenye kiti cha Baba mdogo. Mabega yamenyooka. Amevuta pumzi kwa lile tundu, na mkono wake wa kulia, wenye sindano, umeinuka kidogo juu ya shuka, kama alivyokuwa akifanya kwenye chumba cha vioo cha stesheni kabla ya kuwasha kipaza sauti.

Kwenye korido kuna viatu vizito. Mtu anasalimiana na muuguzi. Ni yeye. Anauliza kama Dada yuko macho.

Mashine bado inasubiri. Atakayetangulia kusema humu ndani ndiye itakayemnasa.

Mlango unasukumwa. Naweka kalamu